Niandikie Inavyolia

4 Februari

Mdogo wangu Nati,

Pokea salamu zangu, na usijifanye hukuzipokea. Mimi mzima isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yanatangaza mvua kabla ya redio. Binti yangu anakusalimu mjomba wake. Mwanawe ameota meno mawili na anang'ata kila kilicho mbele yake, juzi kaanza na mguu wa kiti.

Nimekupigia simu tangu mwaka jana mpaka nimechoka. Inaita weee, halafu inakata. Nikikutumia ujumbe unanijibu "nipo salama", basi, kama mlinzi wa geti. Siku zahanati waliponifanyia sherehe ya kustaafu nilikuwekea kiti mstari wa mbele, kikaishia kukaliwa na mkoba wa mhasibu. Silaumu, nauliza tu. Kwa baba na mama tumebaki wawili. Ukininyamazia wewe, nani mwingine anakumbuka kwamba jina la Nati ulilipata kwa kumeza nati ya baiskeli ya baba, na kwamba ni mimi niliyepewa kazi ya kuisubiri itoke? Niambie kama nilikukosea. Nikijua kosa langu nitalala.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua haijibiwi kwa maneno mawili. Na kwa kuwa nakujua ulivyo kichwa ngumu, sikuja mikono mitupu: nina injini mbovu.

Wale wa zahanati walitaka kuniaga kwa saa ya ukutani. Nikasema saa ninayo, nipeni ile mashine ya kukata majani mliyoitupa nyuma ya chumba cha jenereta. Walicheka mpaka daktari akavua miwani. Ni ya zamani hasa, chuma kitupu, ya kuwasha kwa kamba ambayo kila mara unaizungusha kwa mkono. Majani ya uani kwangu yamefika kiunoni na pensheni yangu haijafika popote, kwa hiyo mashine mpya nisahau. Fundi wa hapa kaniambia niiuze kama chuma chakavu. Kwa jinsi alivyoizunguka akiipapasa nikajua mnunuzi ni yeye mwenyewe.

Nikivuta kamba inafanya "nguu" na kunyamaza, kama mtu aliyeamshwa akageukia ukutani. Nikijaribu kusukuma kisu cha chini, "krrk", basi. Wewe watu walikuwa wanakupigia simu na kuiweka karibu na jenereta, ukawatajia ugonjwa hata kabla hujanawa uso. Haya, mimi nimekuwekea milio kwenye karatasi. Sema.

Ni mimi dada yako, mkunga asiye na mtu wa kumzalisha.


27 Februari

Dada, shikamoo.

Dereva wa basi ameniletea barua. Mimi mzima. Kazi zipo. Simu ina ubovu wake, usihangaike nayo. Hukunikosea lolote. Lala.

Mpe mtoto kijiko cha mbao, ataacha viti.

Mashine. Milio iache kwanza. Nataka unijibu haya.

Kabla ya yote chomoa waya wa plagi. Umeshika kisu cha mashine huku waya umekaa mahali pake! Dada, vidole hivyo vimepokea nusu ya wilaya, vihurumie. Ukishachomoa, fungua plagi yenyewe, uitazame kwenye mwanga: nyeusi kavu, nyeusi yenye mafuta, au ya kahawia? Harufu yake je?

Pistoni imeshikana na kutu. Changanya dizeli na oili, kiasi cha kikombe kidogo, mimina kwenye tundu la plagi, iache wiki nzima. Usivute kamba. Baada ya hapo shika kisu kwa kitambaa kizito, sukuma mbele kidogo, nyuma kidogo, bila hasira. Kikianza kuachia utakihisi kiganjani kabla hakijaenda popote.

Chini ya kofia ya gurudumu la kamba kuna platini, vichuma viwili vinavyobusiana. Visugue kwa msasa laini. Tangi likiwa na kutu ndani, tia mafuta ya taa na kokoto ndogo, ulitikise. Kabureta fungua, isafishe. Vile vitundu vyake usichokoe kwa sindano, najua unazo, utavipanua. Tumia unywele wa waya wa umeme.

Usinunue kitu. Kila kinachohitajika kimo ndani ya nyumba.

Kuhusu kile kiti, samahani.

Mdogo wako.


20 Machi

Nati wangu,

Marahaba, tena marahaba mbili, maana nusu ya barua yako nimeisoma nikicheka. Eti nivihurumie vidole! Sisi huku wazima. Kijiko cha mbao kimefanya kazi. Sasa anang'ata kijiko na viti.

Plagi nyeusi yenye mafuta, inanuka kama taa iliyozimwa. Pistoni imeachia! Nilikaa chini na kitambaa changu, nikasukuma kidogo, nikarudisha kidogo, nikawa nasema nayo kama nilivyokuwa nasema na wale mama: taratibu, pumua, hakuna anayetufukuza. Mara "chwii", halafu "chubwi", nikaihisi inateleza. Nilipiga kigelegele peke yangu uani. Yule mwalimu mstaafu jirani yangu akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama nimepata mjukuu mwingine.

Tangi nalo nimelitikisa. Magoti hayataki kusimama sana, kwa hiyo nilikaa kwenye ngazi nikalikumbatia nikawa naliyumbisha, "chakacha chakacha chakacha", mpaka mwalimu akaanza kupiga makofi ya kufuatisha. Ilitoka kutu kama uji. Sasa ndani linang'aa.

Kabureta usiwe na wasiwasi. Nimeisafisha kama tulivyosafisha vifaa miaka yote: sufuria, maji, yachemke hasa, mfuniko juu. Nimeianika kwenye kitambaa safi. Ungeweza kumfanyia mtu upasuaji kwa kabureta ile.

Ila kuna jambo. Nikiifunga na kutia petroli, inavuja chini, tii, tii, tii, haikomi mpaka tangi linaisha. Ndiyo nini hiyo?

Sikia, nina wazo. Simu ya mwalimu ni nzima. Nipe siku utakayokuwa karibu na simu yoyote, hata ya duka la jirani, nikupigie, niiweke karibu na mashine nivute kamba uisikilize mwenyewe. Tutamaliza kazi kwa dakika chache, badala ya kungoja basi. Na nitakusikia sauti, jamani. Hata ukinigombeza. Au nije mimi? Nauli nitaikopa kwa binti yangu.

Dada yako anayenuka petroli.


6 Aprili

Dada, shikamoo.

UMECHEMSHA KABURETA.

Nimeisoma barua nimesimama, nikatafuta pa kukaa. Tangu nianze kazi hii nimeona kabureta iliyopakwa rangi, iliyozibwa kwa sabuni, iliyojaa nyuki. Ya kuchemshwa ndiyo ya kwanza. Kabureta haichemshwi, Matroni! Ndani kuna boya dogo, hizo za zamani lilikuwa la kitu kile kile cha vizibo vya chupa. Petroli ikijaa boya linapanda na kufunga mlango. La kwako limekunywa maji ya moto, limelewa, halipandi. Ndiyo maana inavuja.

Usilie. Nimekuchongea mengine mawili kwa vizibo, nimeyapaka gundi kali mara tatu ili yasinywe kitu. Dereva atakuletea. Funga moja, jingine liweke mbali na jiko.

Kisha fanya hivi. Plagi ikiwa nje, ziba tundu lake kwa kidole gumba, vuta kamba. Injini iliyo nzima inakisukuma kidole mpaka kinaruka. Ikisukuma kinyonge, tia kijiko cha oili ndani, jaribu tena. Ikipata nguvu, shida ni ringi za pistoni. Ikibaki vile vile, shida ni valvu. Niandikie kidole kimesema nini.

Simu usipige. Usije pia, karakana nimeivuruga, hakuna pa kumweka mgeni. Tutaandikiana. Mbona inakwenda vizuri hivi?

Mdogo wako.


2 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Mvua zilikuwa nyingi, mtoto aliumwa kidogo akapona, na mimi mwenyewe nilikuwa na mawazo.

Maboya yamefika. Dereva alikaa kidogo akanywa chai, akaniambia umekonda. Alipoondoka nililishika lile boya moja kiganjani kwa muda mrefu. Umelisugua mpaka likawa laini kama kisigino cha kichanga. Kwa kitu kitakachozama kwenye petroli na hakuna atakayekiona! Nikasema, huyu ndiye mdogo wangu, hajabadilika hata kidogo.

Nimelifunga, petroli haivuji tena. Nimepitisha kidole chini ya kabureta asubuhi na jioni, kikavu.

Kidole gumba kilisukumwa kinyonge, kama mtoto aliyekataa kuamka. Nikatia kijiko cha oili, hali ile ile. Kwa hiyo valvu, sivyo? Sikukungoja. Nimezitoa. Moja ilikuwa na doa jeusi ukingoni, ukipitisha ukucha unakwama. Yule fundi mpenda chuma chakavu amenipa kibati chenye dawa ya kusagia iliyobaki chini kabisa, baada ya kumkumbusha nani alimzalisha mkewe. Nikaipaka, nikaizungusha valvu kwenye kikalio chake kwa viganja, huku na huku, jinsi mtu anavyopekecha moto, siku kadhaa, mpaka ule mstari wa kijivu ukaenea sawasawa pande zote. Ukucha haukwami tena. Jana nimeziba tundu, nimevuta, na kidole kimerushwa mpaka begani nimehisi. Nimekaa chini kwa furaha.

Plagi inatoa cheche ya bluu. Nimeiona mchana kweupe, chini ya kivuli cha kanga yangu.

Kila kitu kiko tayari. Lakini sijaiwasha. Sina haraka. Majani yamekuwa marefu kiasi kwamba siku chache zaidi hazitaongeza aibu.

Kula vizuri, Nati. Mimi nipo, na nitakuwepo. Nakupenda sana, sijui kwa nini tunangoja misiba ndipo tuambiane.

Dada yako.


25 Julai

Dada, shikamoo.

Nimekaa na barua yako karibu miezi miwili. Mara ya kwanza niliisoma nikaona kuna kitu kimepungua, nisijue ni nini. Nikazitoa zile mbili za mwanzo nikaziweka sambamba. Zile zimejaa nguu na krrk na chakacha. Hii haina hata mlio mmoja. Wewe, ambaye hata mlango ukifunguka lazima uuigize! Umeandika kidole, ukucha, rangi, bega. Umezunguka milio yote kama mtu anayepita chumba alicholala mgonjwa.

Nikajua umeshajua. Dereva kakwambia simu ililia mezani mbele yangu na mimi nikaendelea kukaza skrubu.

Ni kweli, dada. Sisikii.

Lilianza la kushoto, mwaka juzi, nikasingizia nta. La kulia likafuata. Daktari kasema ni kelele za injini, miaka yote ile nikisogeza sikio karibu nazo. Kuna vifaa vya kuvaa, anasema, huenda vikasaidia kidogo, huenda visisaidie. Mtu akisimama mbele yangu akasema polepole napata maneno mengi. Simu siipati kabisa. Naiona tu inatambaa mezani.

Mwaka jana niliwasha jenereta ya mwenye bucha. Ilikuwa inagonga ndani, mafundi wa karakana jirani wanasikia, mimi naiongezea moto nikitabasamu. Ikavunjika mbele ya macho yangu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinitazama tu, halafu akawatazama wenzangu, nao wakatazama chini. Nikampa jenereta yangu ya nyumbani. Tangu siku ile nafungua karakana, nafagia, nakaa. Nilikuandikia kazi zipo. Kazi ilikuwa moja tu, mashine yako.

Sherehe yako sikuja kwa sababu watu wangesema mambo ya kuchekesha nami ningecheka pasipo pake. Nikaogopa kukuaibisha siku yako. Na sikukwambia kwa sababu ungekuja na begi lako la kazi kunichukua. Sikutaka kuwa mgonjwa wako wa mwisho.

Sasa nakuomba kitu kimoja, na usinionee huruma. Nirudishie milio yangu. Nikisoma "krrk" yako naisikia, dada, wazi kabisa, na kwa sauti yako, ukiwa umekunja midomo. Mitaani nimeipoteza, kwenye karatasi yako ipo. Ulipoiondoa nilihisi nimekuwa kiziwi mara ya pili.

Iwashe. Niandikie inavyolia.

Mdogo wako.


3 Agosti

Nati, Nati wangu,

Nimelia. Nimemaliza. Nimepiga kamasi, "pfoo", hiyo ni ya kwako ya kwanza, chukua.

Hasira ninazo na sitazimaliza kwa kalamu. Mwaka mzima unafagia karakana tupu na mimi huku nafikiri nimekukosea! Ungekuwa hapa ningekufinya. Ndiyo, dereva aliniambia. Sikuuliza kwa sababu nimeshika mikono ya watu wengi wanaoogopa, nami najua mtu haharakishwi. Nikaona niondoe milio nisikuumize. Kumbe nimekunyang'anya. Nisamehe, sikujua.

Haya, tulia usome.

Nimemwita binti yangu, nimemwita mwalimu, mtoto kawekwa kwenye beseni mbali na mashine. Nimezungusha kamba. Nimevuta: "fuuu". Mwalimu akasema haitaki. Nikamwambia nyamaza. Nimevuta tena: "fuuu-pf". Hiyo "pf" ilikuwa ndogo, kama mtu anayezuia kucheka msibani. Nikafungua petroli kidogo zaidi, nikavuta kwa mgongo wote, magoti yakafanya "ko!", hayo ni yangu, usiyahesabu. Mashine ikafanya "PA!" Moshi mweupe ukatufunika. Kuku wa mwalimu, "kwekwekwee", wakaruka ukuta. Kimya. Nikafikiri nimeiua. Halafu ndani ya moshi ule, chini chini, "tuku... tuku... tuku-tuku", ikajikusanya, "tukutukutukutuku", haikwami, haigongi, nimetega sikio langu na lako. Binti yangu akapiga yowe. Mtoto akalia "ngaaa", akasita, akaisikiliza, akacheka "heh-heh-heh" na mate yakimtoka. Nikaisukuma kwenye majani, nayo ikasema "shwaaaa", mstari mrefu mpaka kwenye mti wa ndimu. Niliporudi nilikuwa silioni jani wala ukuta kwa machozi.

Sasa kuna tatizo, na hili si la kukufariji, ni tatizo kweli. Mpini unatetemeka. Baada ya mistari michache mikono inakufa ganzi mpaka viwiko. Nimetafuta mlio wake nikuandikie, hakuna. Injini inalia sawasawa, nakuapia, ila kuna kitu kinatetema chini yake ambacho sauti haikisemi. Fundi wa hapa kasikiliza, kasema nzima. Mwalimu kasikiliza, nzima. Nimewaambia nyote mnatumia masikio, na ugonjwa huu hauko huko. Unataka kiganja. Nami kiganja ninachokiamini ni kile kilichosugua lile boya.

Chumba cha nyuma kina mlango wake na dirisha kubwa, mwanga unaingia toka asubuhi. Nimetoa masanduku, nimeweka meza nzito ya kazi. Tayari kuna watu wawili wameona mashine inakata wakauliza nani aliitengeneza, nikasema mdogo wangu, kwa barua. Hawakuamini. Mmoja ana pampu ya maji. Nimewaambia wangoje.

Sikuiti kama mgonjwa. Wagonjwa wangu wote walikuwa na mimba, wewe hata tumbo huna. Nakuita kwa sababu ni uani kwangu, ni mashine yangu, na ni wewe ninayekutaka. Vile vifaa vya masikioni tutavitafuta au tutaviacha, utaamua wewe. Maneno nitakuandikia ukutani nikitaka, ukuta ni wangu.

Njoo, Nati.

Dada yako.


18 Agosti

Dada, shikamoo.

Huo mtetemo ni upande mmoja wa kisu, mzito kuliko mwingine. Kiache hivyo hivyo, nitakipima nikifika.

Barua nimeisoma karakana, peke yangu, mlango umefungwa. Nilipofika kwenye "tuku" ya tatu, ile iliyositasita, nilinyanyuka. Ningeijua popote. Ni injini nzima kabisa hiyo, dada, na umeifufua wewe.

Nimefunga virago. Karakana nimemwachia mwenye nyumba funguo jana. Wenzangu walitoka wote kunisaidia kupakia spana, na mwenye bucha alikuja akanishika mkono, akasema kitu kirefu. Sikukipata chote. Nilimwambia arudie, naye akarudia.

Nakuja Jumamosi, basi la dereva wetu, na masanduku matatu ya chuma, kwa hiyo mwambie mwalimu aache makofi alete mikono. Mtoto mwambieni babu yake anakuja na ana spana nyingi za kung'ata.

Jambo moja tu. Stendi kutakuwa na watu wengi, nami nitakuwa nimeinama natoa mizigo. Usiniite kwa nyuma, nitakupita. Zunguka uje mbele yangu, nikuone.

Mdogo wako.